Mama mkwe haendi kanisani, lakini anataka mjukuu abatizwe

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Machame, Kilimanjaro, nimeolewa Uswidi na tunaishi karibu na Göteborg. Tumejaliwa mtoto wa kike, ana miezi minne. Mama mkwe wangu ana miaka 74. Haendi kanisani ila kwenye mazishi, na ameniambia waziwazi kwamba hana hakika kama Mungu yupo. Ajabu ni kwamba yeye ndiye anayesisitiza mtoto abatizwe katika kanisa la kijijini kwao, avalishwe gauni la ubatizo ambalo ukoo wao umelitumia tangu enzi za bibi yake. Ada ya kanisa anailipa kila mwaka bila kunung'unika. Mume wangu naye ni hivyohivyo. Kwetu mtu wa namna hii tungesema ameacha wokovu. Je, hawa ni Walutheri, au ni watu wenye desturi za Kilutheri tu? Na je, sitakuwa namdanganya Mungu nikimbatiza mwanangu kwa ajili ya gauni?

JIBU: Asifiwe sana, dada. Nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu nadhani ndilo linalokunyima usingizi: hapana, hutamdanganya Mungu. Mbatize mtoto. Sababu nitakupa, ila kwanza tumwelewe mama mkwe wako, na hilo linahitaji historia kidogo ya nchi unayoishi.

Mwaka 1593 mkutano uliofanyika Uppsala uliamua kwamba Uswidi itashika Ungamo la Augsburg, yaani tamko la imani la Walutheri. Tangu hapo, kwa zaidi ya karne mbili na nusu, kuwa Mswidi na kuwa Mlutheri kulikuwa jambo moja mbele ya sheria. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1686 ilitaka kila mtu aijue Katekisimo, yaani mafundisho ya msingi ya imani. Mchungaji alipita kwenye kaya akimhoji baba, mama, watoto na watumishi wa shambani, kisha anaandika daftarini nani anasoma vizuri, nani anasoma kwa kubabaisha, nani ameshika maneno bila kuelewa maana. Asiyejua hakukaribishwa kwenye Meza ya Bwana, na asiyefika Mezani aliona ugumu hata wa kuoa. Kwa njia hiyo Waswidi wengi, wanawake kwa wanaume, walijua kusoma kabla serikali haijaagiza shule za msingi mwaka 1842. Imani ya Kilutheri iliingia nchini pamoja na kusoma, pamoja na kodi, pamoja na daftari la nani amezaliwa na nani amekufa.

Na daftari hilo lilikaa kwa mchungaji muda mrefu kuliko watu wengi wanavyodhani. Hadi katikati ya mwaka 1991 ofisi ya usharika ndiyo iliyoandikisha wakazi wa Uswidi. Tarehe 1 Julai mwaka huo kazi hiyo ikahamia mamlaka ya kodi. Hadi mwaka 1951 raia hakuweza kutoka kanisani kirahisi bila kuonyesha anahamia dhehebu gani. Hadi mwisho wa mwaka 1995 mtoto wa msharika alihesabiwa msharika tangu siku ya kuzaliwa, awe amebatizwa au hajabatizwa. Kanisa na dola viliachana rasmi tarehe 1 Januari 2000 tu.

Sasa mtazame mama huyo. Amezaliwa wakati jina lake liliandikwa na mchungaji kwa sababu ndiye aliyekuwa mwandikishaji. Hakuna aliyemuuliza kama anaamini. Alipokuwa kijana, miaka ya mwanzo ya 1970, takriban watu 95 katika kila 100 nchini mwake walikuwa washarika wa Kanisa la Uswidi. Leo ni zaidi kidogo ya nusu. Katika maisha yake amewaona wenzake wakijaza fomu na kuondoka, wengi wao kwa sababu rahisi tu ya kuokoa ile ada, ambayo ni karibu asilimia moja ya kipato. Yeye kabaki. Na usifikiri amebaki kwa kuogopa kukosa kaburi: huko ada ya makaburi hulipwa na kila mwenye kipato, msharika na asiye msharika, Mwislamu na asiye na dini, na karibu kote nchini ni Kanisa linalotunza makaburi ya wote. Angetoka, bado angezikwa. Kwa hiyo kile kitendo chake cha kulipa kila mwaka bila kunung'unika ni uamuzi wa hiari. Sijui kama ni imani. Lakini si kitu cha kudharau, na nakuomba usikidharau.

Ninalisema hili kwa sababu nimechoka na mahubiri ya baadhi ya wenzetu wanaorudi kutoka ziara za Ulaya na kusimulia kwamba makanisa yamegeuka makumbusho na wazungu wamekuwa wapagani. Mpagani hawashi mshumaa juu ya kaburi la mama yake jioni ya Sikukuu ya Watakatifu Wote, mwanzoni mwa Novemba, baridi ikiwa kali, makaburi yote yaking'aa kwa taa ndogo. Ukiwa hapo Göteborg utaliona hilo mwenyewe. Utaona pia shule zikifungwa mwezi Juni na watoto wakiimba wimbo wa majira ya maua, Den blomstertid nu kommer, ambao umo katika kitabu cha nyimbo cha Kanisa tangu mwaka 1695. Wazazi wasioingia kanisani mwaka mzima hugombana na walimu wakuu shule ikijaribu kuuacha. Na tarehe 13 Desemba utawaona wasichana wenye taji la mishumaa wakimkumbuka Lusia, mtakatifu wa Sicily, katika nchi ambayo Walutheri waliiondolea sikukuu nyingi za watakatifu.

Meli ya Estonia ilipozama Bahari ya Baltiki usiku wa kuamkia tarehe 28 Septemba 1994, watu 852 walikufa, na wengi wao walikuwa Waswidi. Siku zilizofuata watu walimiminika makanisani. Hawakuitwa na mtu. Wale ambao kwa miaka hawakukanyaga kanisani walijua mlango uko wapi, walijua mishumaa inawashwa wapi, walitegemea mchungaji atakuwepo na atakuwa na maneno ambayo wao hawana. Wasomi wa sosholojia ya dini wameeleza kwamba watu wa namna hii wanawaachia wachache kazi ya kusali kwa niaba ya wote, na wanataka kazi hiyo iendelee hata kama wao hawaifanyi. Ninaona maelezo hayo yanamfaa mama mkwe wako vizuri sana.

Huo ndio urithi. Unakaa mwilini na kwenye kalenda, na hauhitaji mtu aukiri kwa kinywa. Unaweza hata kusafiri ukaacha imani nyuma kabisa. N. F. S. Grundtvig alikuwa mchungaji wa Kilutheri wa Denmark na mtunzi mkubwa wa tenzi. Aliamini kwamba mkulima wa kawaida anastahili elimu ya kumwamsha, isiyo na mitihani, na mwaka 1844 chuo cha kwanza cha wananchi cha aina hiyo kikafunguliwa Rødding. Wazo likaenea hadi Uswidi. Mwalimu Nyerere akaliona huko, akalipenda, na mwaka 1975 tukapata Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi kwa msaada wa Waswidi. Vijana wa Tanzania, Wakristo kwa Waislamu, wanajifunza useremala na ushonaji ndani ya wazo lililozaliwa katika kichwa cha mchungaji mmoja wa Denmark, na hakuna anayehitaji kumjua Luther ili afaidike.

Hapa niweke tahadhari, maana wapo wanaokwenda mbali na kusema kwamba huduma za jamii za nchi za Nordiki (Uswidi na jirani zake), hospitali, pensheni, malezi ya watoto, zote ni matunda ya Luther. Mimi sikubaliani nao moja kwa moja. Ni kweli kwamba usharika ndio uliotunza maskini kwa karne nyingi, hadi mageuzi ya mwaka 1862 Uswidi yalipoikabidhi kazi hiyo halmashauri za kiraia. Lakini waliojenga mfumo wa leo walikuwa vyama vya wafanyakazi, na viongozi wao wengi walipambana na wachungaji vikali. Urithi umechangia, haukutenda peke yake.

Sasa tuje kwenye imani yenyewe. Swali lako si la leo, na halikuanzia Ulaya iliyopoa. Linaanza na Luther mwenyewe. Mwaka 1528 alikwenda kukagua sharika za Saxony. Alirudi amevunjika moyo. Katika utangulizi wa Katekisimo Ndogo, iliyotoka mwaka 1529, analalamika kwamba watu wa vijijini hawajui lolote la mafundisho ya Kikristo: hawajui Sala ya Bwana, hawajui Imani ya Mitume, hawajui Amri Kumi, na bado wote wanaitwa Wakristo, wote wamebatizwa, wote wanashiriki Meza ya Bwana. Angalia tarehe ya ukaguzi huo: miaka 11 tu baada ya zile hoja 95 za Luther zilizoanzisha Matengenezo ya Kanisa. Matengenezo yalikuwa bado mabichi, na tayari kulikuwa na watu waliokuwa na jina bila kitu chenyewe. Luther hakuwafukuza. Aliwaandikia kitabu kidogo cha maswali na majibu, kile ulichokikariri wewe kwenye darasa la kipaimara siku za Jumamosi.

Ungamo la Augsburg, kifungu cha 8, linasema wazi kwamba ingawa kanisa kwa maana halisi ni kusanyiko la waaminio wa kweli, katika maisha haya wanafiki na waovu wengi wamo ndani yake. Maana yake sisi Walutheri tangu mwanzo tumekataa kupanga foleni mbili mlangoni. Hatujawahi kuwa na kipimo cha kuingia cha kusema huyu ni wa kweli, yule ni wa desturi.

Ila kukataa kuwatenga watu si sawa na kusema tofauti haipo. Wapo waliolia kwa ajili ya tofauti hiyo hadi ikawagharimu. Uswidi ilipiga marufuku mwaka 1726 mikutano ya sala ya majumbani isiyoongozwa na mchungaji, na marufuku hiyo ikadumu hadi mwaka 1858. Fikiria, dada: jumuiya yenu ya Machame, akina mama kumi na Biblia sebuleni, ingekuwa kosa la jinai. Norwei, iliyokuwa chini ya Denmark, ilikuwa na sheria kama hiyo tangu mwaka 1741. Hans Nielsen Hauge, mtoto wa mkulima, alitembea nchi nzima akihubiri toba kwa watu ambao wote walikuwa wamebatizwa tayari. Mwaka 1804 alikamatwa, akakaa kizuizini miaka mingi, na afya yake haikurudi tena. Waliomfunga walikuwa Walutheri. Walikuwa wanalinda urithi dhidi ya imani, na naamini hawakujua kwamba ndicho wanachofanya.

Kule Denmark, mwanafalsafa Søren Kierkegaard alitumia mwaka wake wa mwisho kuandika dhidi ya kanisa la taifa. Hoja yake ilikuwa kwamba nchi ikimfanya kila mtu Mkristo kwa kuzaliwa, Ukristo wa Agano Jipya unatoweka bila mtu kugundua. Alipokuwa anakufa mwaka 1855 alikataa kupokea Chakula cha Bwana kutoka kwa mchungaji, kwa sababu kwake mchungaji alikuwa mtumishi wa serikali. Simfuati hadi huko. Lakini kila ninapomsoma ninajiuliza juu ya kwetu, siyo juu ya Denmark.

Kwa hiyo acha nikuambie ninavyoitofautisha mimi. Urithi unakuambia wewe ni nani na umetoka wapi, na hilo ni jema. Haukupingi, kwa sababu ni wako. Imani ni pale ambapo Neno linasimama mbele yako likiwa na uwezo wa kukuambia hapana. Linaweza kukuambia hapana wewe, ukoo wako, kabila lako na taifa lako, nawe ukabaki, ukatubu, ukaamini kwamba hilo Neno linalokuhukumu ndilo linalokusamehe.

Karne iliyopita ilitupa mfano wa kutisha. Mwaka 1933 Walutheri wengi wa Ujerumani walijiunga na harakati ya Deutsche Christen, Wakristo waliomuunga mkono Hitler, waliotaka kanisa la damu na taifa, wachungaji wenye asili ya Kiyahudi waondolewe, na Luther afanywe shujaa wa Kijerumani. Walikuwa na urithi wote: tenzi, makanisa makubwa, Biblia ya Luther. Hakuna aliyewazidi kwa urithi. Dietrich Bonhoeffer, Mlutheri mwenzao, akaona kwamba urithi huo umegeuzwa sanamu, akawapinga, na akanyongwa Flossenbürg tarehe 9 Aprili 1945. Norwei nako, wakati wa utawala wa Quisling, kibaraka wa Wanazi, mwaka 1942, maaskofu wakiongozwa na Eivind Berggrav waliacha vyeo vyao vya serikali, na siku ya Pasaka wachungaji walio wengi nao wakaacha, wakabaki kuwahudumia washarika bila mshahara wa dola. Urithi ni uleule wa Wittenberg, mji wa Luther. Wengine ulikuwa umewalaza, na wengine Neno liliwaamsha kutoka ndani ya urithi huohuo.

Sasa nitakuuliza kitu kigumu, maana umesema kwamba kwenu mtu kama mama mkwe angehesabiwa ameacha wokovu. Twende Machame.

Wamisionari wa Kijerumani wa shirika la Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893. Baadaye akaja Bruno Gutmann, aliyetumika miaka mingi Kidia, Old Moshi, hadi mwaka 1938. Alikuwa na maono ambayo wachache wa wakati wake walikuwa nayo. Aliona kwamba ukoo, ujirani na rika ni vifungo ambavyo Mungu ameviweka kati ya Wachaga, na kwamba kanisa lijengwe juu ya vifungo hivyo badala ya kuvikata. Vijana wa kipaimara wakafungwa pamoja kwa uhusiano wa kirika. Usharika ukakaa juu ya mitaa na koo. Wajerumani walipoondolewa baada ya Vita vya Kwanza, ni walimu na wazee wa kwetu walioshika sharika, na katika miaka ya 1920 Wamarekani wa Sinodi ya Augustana, ambao kwa asili ni wahamiaji wa Uswidi, wakaja kusaidia. Kanisa halikuanguka, kwa sababu lilikuwa limeshashika mizizi ya migombani.

Namheshimu sana Gutmann. Lakini tazama matokeo yake ya muda mrefu. Leo katika vijiji vingi vya Kilimanjaro kuwa Mlutheri ni sehemu ya kuwa mtu wa mahali pale, kama ilivyokuwa kwa Mswidi wa mwaka 1700. Una namba ya bahasha ya sadaka. Usipotoa, mzee wa kanisa anajua. Sikukuu ya mavuno unanunua ndizi na jogoo kwenye mnada kwa bei ya mara tatu, na jina lako linatajwa. Desemba magari yanapanda kutoka Dar es Salaam na Arusha, kanisa linajaa hadi nje, tarumbeta zinapigwa, na wengi wa waliojaa hawakuonekana kanisani huko mjini tangu Januari. Mtu aliyetengwa miaka kumi anarudi kundini wiki chache kabla ya ndoa ya binti yake. Na juu ya yote kuna mazishi. Kila mmoja anajua nani atazikwa na mchungaji na nani atazikwa na ndugu zake tu.

Sisemi hayo ni maovu. Mengine nayapenda mno. Sijui Krismasi bila tarumbeta. Ninachosema ni kwamba mama mkwe wako akikosa ibada hakuna anayemuuliza, wala hapotezi chochote. Mama yako Machame akikosa Jumapili tatu, wazee watapiga hodi. Kwa hiyo viti vitupu vya Göteborg na viti vilivyojaa vya Machame havipimi kitu kimoja. Ukitaka kulinganisha imani na imani, ondoa kwanza macho ya majirani, halafu hesabu nani amebaki. Naamini Kilimanjaro wangebaki wengi, pengine wengi kuliko huko. Lakini si wote wanaohesabika sasa.

Na Neno lina uwezo wa kuwaambia hapana watu wa Kilimanjaro? Chukua suala la kihamba, yaani shamba la migomba la ukoo. Kwa desturi ardhi ya baba inakwenda kwa wana wa kiume, hasa wa kwanza na wa mwisho. Binti hana chake, na mjane anakaa kwa huruma. Nimewaona washarika hodari, wanaotoa sadaka bila kukosa, wakimwondoa mjane wa ndugu yao migombani, na Jumapili wakasimama kukiri Imani ya Mitume. Hapo urithi wa Kichaga na urithi wa Kilutheri vilikuwa vimekaa pamoja kwa amani kabisa. Aliyewavuruga ni yule dada mmoja wa usharika aliyesimama kwenye kikao akasoma Isaya 1:17, panapoagiza kumtetea mjane. Hiyo niliiona ni imani.

Wenzetu wa Bukoba walipita njia nyingine. Uamsho ulioanzia Rwanda na Uganda kati ya Waanglikana uliwafikia mwishoni mwa miaka ya 1930, na swali lake lilikuwa la mtu binafsi: wewe umetubu nini, na lini? Watu waliungama hadharani, wakarudisha vitu walivyoiba. Ulileta migogoro mingi, na wapo waliokuwa wepesi kumhukumu kila asiyezungumza kama wao. Lakini ndani yake walilelewa viongozi kama Josiah Kibira, aliyekuwa askofu wa kwanza Mwafrika wa Bukoba mwaka 1964, na mwaka 1977 akachaguliwa hapo Dar es Salaam kuwa Rais wa kwanza Mwafrika wa Shirikisho la Kilutheri Duniani. Kanisa lenye Gutmann peke yake lingekuwa kabila linaloimba tenzi. Lenye Uamsho peke yake lingechoka katika kizazi kimoja, kwa sababu toba ya baba hairithiwi na mtoto. Kanisa letu la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) lilibahatika kupata yote mawili, na nadhani hilo ni sehemu ya sababu kwamba leo washarika wetu ni wengi kuliko wa Kanisa la Uswidi.

Urithi ukiachwa bila mtu wa kuuamsha hufikia hatua ya kujitosheleza bila Mungu. Norwei tangu mwaka 1951 kuna kipaimara cha kiraia: kijana wa miaka 14 au 15 anahudhuria mafunzo, anavaa vizuri, familia inakuja, zawadi zinatolewa, na Mungu hatajwi. Ujerumani Mashariki serikali ya kikomunisti ilianzisha sherehe ya namna hiyo katikati ya miaka ya 1950 ili kuua kipaimara cha kanisa, na serikali hiyo imekwisha lakini sherehe bado ipo. Mama mkwe wako hajafika huko. Angetaka sherehe tu, angefanya sherehe ya kumpa mtoto jina, na Uswidi wanazo. Yeye anataka ubatizo, mbele ya madhabahu, kwa maji na kwa jina la Baba na Mwana na Roho Mtakatifu.

Ndiyo maana nilikuambia mbatize. Katika Katekisimo Kubwa Luther anafundisha kwamba imani haiufanyi ubatizo bali huupokea. Kama ubatizo ungetegemea nia safi ya bibi, baba na mama, hakuna hata mmoja kati yetu ambaye angekuwa na hakika amebatizwa. Mimi mwenyewe sijui wazazi wangu waliwaza nini siku ile. Yawezekana waliwaza pilau. Mungu ndiye anayetenda pale, na gauni halimzuii. Kumbuka pia maelezo ya sehemu ya tatu ya Imani uliyoyakariri: naamini kwamba siwezi kwa akili zangu wala kwa nguvu zangu kumwamini Yesu Kristo wala kumjia, ila Roho Mtakatifu ameniita. Maneno hayo yanakuhusu wewe kama yanavyomhusu mama mkwe. Anaposema hana hakika kama Mungu yupo, anasema ukweli juu ya nguvu zake mwenyewe. Usimjibu kwa hoja. Mwambie kwamba na wewe huamini kwa nguvu zako.

Lakini ubatizo ukishatolewa bila mafundisho unabaki ahadi ambayo mtoto hajui kwamba anayo, na hapo ndipo mzigo unapokuangukia wewe, kwa sababu katika nyumba hiyo ni wewe unayejua kusali. Mchungaji atawaita kwa mazungumzo kabla ya ubatizo. Mweleze yote uliyonieleza mimi. Wachungaji wa huko wamelizoea jambo hili na hatakushangaa. Wasimamizi wa ubatizo ni lazima wawe wamebatizwa, kwa hiyo msiwachague kwa sababu ya urafiki tu. Awepo angalau mmoja ambaye mtoto akimuuliza akiwa na miaka kumi, "Yesu ni nani?", hatabadilisha mazungumzo. Tafuta usharika ambao utakwenda kweli, hata kama ni kila wiki mbili, na mtoto akuone unakwenda bila kusukumwa na mtu.

Na mama mkwe mpe kazi. Kuna sala ya watoto ya jioni, Gud som haver barnen kär, ambayo karibu kila Mswidi wa umri wake aliisali kitandani akiwa mdogo. Inamwomba Mungu awapendaye watoto amwangalie huyu aliye mdogo. Mwombe amfundishe mjukuu wake sala hiyo kwa Kiswidi, kila jioni anapokaa naye, nawe umfundishe Baba Yetu kwa Kiswahili. Usimuulize kama anaamini anachosali. Ana miaka 74, amebatizwa, anailipia ada nyumba ya Mungu ambayo haingii, na ameomba kwa hiari yake mjukuu aletwe kwenye maji yaleyale. Roho Mtakatifu ana pa kuanzia.